Ukimpa Kijana Pikipiki, Mpe na Mafunzo

Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia vya Roret na vijiji vya karibu. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili wale ambao hawakufika wayasome katika mikutano yao.

Tunaona mawingu yameanza kukusanyika, kwa hivyo hatutawaweka sana.

Mlituandikia mkiuliza jambo moja. Kikundi kikimkopesha mwanachama pesa za kununua pikipiki, kitafanya nini ili mkopo usipotee? Ni swali la watu wenye akili, na majibu ya kawaida mnayajua tayari: wadhamini wawe wawili au watatu, logibuku ikae na mweka hazina, malipo yaandikwe kila wiki mbele ya watu wote. Hayo yote ni mazuri. Lakini tumeona vikundi vilivyofanya hayo yote na bado mkopo ukapotea, kwa sababu mkopaji mwenyewe alipotea. Pikipiki ilipatikana mtaroni, logibuku iko salama kwenye sanduku, na wadhamini wako matangani. Kwa hivyo leo tutazungumza juu ya huyo anayekaa juu ya pikipiki. Pesa tutazifikia baadaye kidogo.

Wazee hapa wanakumbuka kwamba boda boda ilianza kama kazi ya baiskeli, tena ya watu wa Busia, waliokuwa wakibeba abiria kutoka mpaka hadi mpaka kati ya Kenya na Uganda. Huku kwetu kwenye vilima baiskeli haikuwa na faida kubwa. Kushuka ni raha, kupanda unaisukuma. Mambo yaligeuka mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo zisizozidi cc 250. Bei ikashuka, na zile Boxer na TVS kutoka India zikaingia mpaka kwenye vijia vya ng'ombe. Hatukuja hapa kuzilaumu. Maziwa yaliyokuwa yakiharibika njiani sasa yanafika mapema. Mama mwenye uchungu wa kuzaa anafika Kapkatet au Litein usiku wa manane, na zamani angebebwa kwa machela. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na kukosa karo ana kazi. Hayo ni maendeleo, na mtu asije akatuambia sisi wa kanisa tunapinga pikipiki.

Shida iko hapa: pikipiki ilikuja, lakini mafunzo hayakuja nayo.

Sasa mtuvumilie kidogo, tuwaambie habari za askari. Tunajua ya kwamba katika nyumba nyingi za Bureti, Konoin na Bomet kuna mtoto aliye jeshini au polisi. Tunajua pia desturi yake: akishapata mshahara kwa mwaka mmoja au miwili, ananunua pikipiki. Anamletea ndugu yake nyumbani ifanye kazi ya steji, na yeye mwenyewe akija likizo anaiendesha kutoka Litein mpaka Roret, jioni, bila helmeti, watu wote wakimpungia mkono. Jeshi letu lilipoingia Somalia mwezi wa Oktoba mwaka 2011, wazazi wa huku walianza kulala na redio masikioni. Waliomba Mungu kila siku, na bado wanaomba. Lakini mzazi anayekesha akimwombea mtoto aliye Somalia, mbona hamuulizi neno hata moja siku anapowasha pikipiki?

Fikirini kidogo juu ya huyo askari. Alipoandikwa alipelekwa Eldoret, kwenye chuo cha kufundishia makuruta. Je, alipewa bunduki yenye risasi siku ya kwanza akaambiwa nenda? Hata! Alifundishwa kwa miezi. Alijifunza kuifungua, kuisafisha, kuishika, kulenga, na hasa kujua wakati wa kutopiga. Sasa muulizeni huyo huyo alijifunzia wapi pikipiki. Atawaambia ni uwanja wa mpira wa shule ya msingi, mchana mmoja, mwalimu akiwa binamu yake, naye binamu alifundishwa na binamu mwingine. Bunduki miezi, pikipiki mchana mmoja. Tena pikipiki ataishika kila siku, na bunduki pengine asiipige kwa mtu maisha yake yote.

Si sisi tu. Wamarekani wana kikosi kinachoitwa Marine, watu wakali, wanaopelekwa mbele vita vinapoanza. Mwaka 2008, vita vya Iraq vikiendelea, wakubwa wao walikaa wakahesabu. Katika muda wa karibu mwaka mmoja, Marine 20 walikuwa wameuawa vitani Iraq. Na katika muda huo huo, Marine 25 walikuwa wamekufa kwa ajali za pikipiki. Yaani pikipiki iliwashinda adui! Wengi wa vijana hao walikuwa wametoka vitani na pesa zao walizoweka, wakanunua zile pikipiki kubwa za mbio. Karibu wote waliokufa walikuwa juu ya pikipiki za namna hiyo.

Wakubwa walifanya nini? Hawakupiga pikipiki marufuku. Walijua kijana ukimkataza ataiendesha kwa kujificha. Walisema hivi: kila askari mwenye pikipiki atapita mafunzo ya kwanza, na mwenye pikipiki ya mbio atapita mafunzo mengine juu ya yale. Atavaa helmeti akiwa kambini na akiwa nje ya kambi, akiwa kazini na akiwa likizo. Tena kukawekwa vikundi ndani ya kambi, ambamo askari mzee mwenye uzoefu anaendesha pamoja na kijana na kumrekebisha. Hilo la tatu ndilo lililotupendeza zaidi, na tutalirudia.

Kuna habari nyingine ya zamani zaidi, ya wakati babu zetu walipochukuliwa keya na kupelekwa Abisinia na Burma. Mwaka 1935 huko Uingereza, tarehe 13 Mei, mwanajeshi mmoja mashuhuri aliyeitwa T. E. Lawrence alikuwa akiendesha pikipiki kwenye njia nyembamba karibu na nyumbani kwake. Alikuwa ametoka jeshini majuma machache tu. Ghafla akakuta mbele yake vijana wawili juu ya baiskeli, akakwepa, akaanguka, akagonga kichwa. Hakuwa na helmeti. Alilala siku sita bila fahamu, akafa. Mmoja wa madaktari walioitwa kumtazama alikuwa daktari wa upasuaji wa ubongo, Hugh Cairns. Jambo hili halikumtoka moyoni. Vita vikuu vilipoanza mwaka 1939, jeshi la Uingereza lilikuwa na vijana wengi wa kupeleka barua kwa pikipiki, usiku, taa zikiwa zimefunikwa kwa hofu ya ndege. Walikuwa wakifa ovyo. Cairns alikusanya habari za vichwa vilivyovunjika, akaziandika mwaka 1941 akionyesha kwamba wale waliovaa kofia ngumu walikuwa na nafuu. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo jeshi likatoa amri: hakuna mwanajeshi atakayepanda pikipiki bila kofia ngumu. Vifo vikaanza kushuka.

Sikilizeni sasa jambo lenyewe. Kwa raia wa Uingereza, wasio askari, sheria ya helmeti ilikuja mwaka 1973. Miaka zaidi ya 30! Ushahidi ulikuwa ule ule na vichwa ni vile vile. Tofauti ni kwamba jeshi lina mkubwa anayeweza kusema leo na kesho ikafanyika, na raia hana.

Hapa Roret hatuna kanali wa kutuamrisha. Polisi wa trafiki wanasimama barabara kuu, ile ya Kericho kwenda Litein, Kapkatet na Sotik. Kwenye njia zetu za ndani utakaa mwezi usiwaone. Lakini kuna mtu mmoja ambaye kijana anamsikiliza kuliko anavyomsikiliza polisi, naye ni yule aliyemkopesha pesa za pikipiki. Yaani ninyi. Kikundi kinashika logibuku na kinashika deni. Mkisema pikipiki haitoki hapa mpaka tuone helmeti mbili na leseni, haitatoka. Hiyo ndiyo nguvu ambayo mkubwa wa jeshi alikuwa nayo, na ninyi mmekuwa nayo miaka hii yote mkiitumia kulinda pesa peke yake.

Wale wanaosoma Biblia wakumbuke sheria ya Musa katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22. Mtu akijenga nyumba mpya aliagizwa kuzungushia dari yake ukingo, ili mtu akianguka kutoka juu damu isiwe juu ya nyumba hiyo. Hakuambiwa awafundishe wageni kutembea vizuri darini, halafu basi. Aliambiwa ajenge ukingo kwanza, yeye mwenye nyumba. Sasa kikundi kinachomweka kijana juu ya mashine ya kwenda kilomita 80 kwa saa, na mama wa mtu nyuma yake, kina dari bila ukingo. Tunasema hivyo kwa upendo, lakini tunasema.

Twende kwenye mafunzo yenyewe. Tuwe wakweli kwanza. Wataalam waliokusanya tafiti za nchi nyingi hawajaweza kuonyesha wazi kwamba darasa peke yake hupunguza ajali. Kijana akipewa karatasi baada ya siku mbili anaweza hata kujiona bingwa akaongeza spidi. Helmeti ndiyo yenye ushahidi usio na ubishi: inapunguza hatari ya kufa katika ajali kwa karibu asilimia 42, na kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Kwa hivyo kama kikundi kina pesa za kitu kimoja tu leo, kinunue helmeti mbili. Mafunzo yanafaa yakiwa ya mikono na miguu, yakirudiwa, na yakifuatwa na mtu mzima wa kumtazama kijana miezi ile ya kwanza. Ndiyo maana tumependa ile habari ya askari mzee kuendesha na askari kijana. Steji ya Roret ina watu walioendesha zaidi ya miaka 10 bila kuangusha abiria. Mnawajua. Hao ndio walimu wenu, kuliko mtu wa kutoka Nairobi na suti.

Kitu cha kwanza ambacho walimu hao wangefundisha ni breki. Vijana wengi wameambiwa wasiguse breki ya mbele eti itawapindua, kwa hivyo wanatumia ya mguu peke yake. Hiyo ni kutupa zaidi ya nusu ya nguvu ya kusimama. Ukishika breki, uzito wote wa pikipiki, wako na wa abiria unasukumwa mbele. Gurudumu la mbele linakanyaga ardhi kwa nguvu, la nyuma linakuwa jepesi. Kwa hivyo gurudumu la mbele ndilo linaloweza kusimamisha. Kwenye lami kavu, minya breki ya mkono pole pole ukiongeza, si kuikamata kwa ghafla, pamoja na ya mguu, pikipiki ikiwa imenyooka. Kwenye udongo mwekundu wa huku baada ya mvua mambo ni mengine kabisa. Hapo kila breki ni ya kunyata, na ya mbele ukiikaza utateleza kabla ya kusema jina lako. Kazi kubwa inafanywa na gia: shuka gia mapema, acha injini yenyewe ishike pikipiki, na maliza kupunguza mwendo kabla ya kona, kwa sababu ndani ya kona umechelewa.

Na hapa tuseme juu ya tabia moja mbaya. Kijana akifika juu ya kilima anazima injini ateremke bure ili aokoe petroli. Anaokoa petroli ya shilingi chache na anatupa breki yake iliyo bora kuliko zote, ile ya injini. Pikipiki nyingi za huku breki zake ni za ngoma, na ngoma ikishikwa kutoka juu mpaka chini inapata moto na kulegea. Akifika darajani akiwa na watu wawili na gunia, anakanyaga na hakuna kitu. Tunaomba vikundi viandike jambo hili katika makubaliano: atakayeonekana akiteremka kilima injini ikiwa imezimwa atalipa faini. Hata mtoto wa shule anaweza kulishuhudia, kwa sababu pikipiki inapita kimya.

Kuna hesabu ambayo kila mtu hapa anaweza kuifanya. Ukienda kilomita 60 kwa saa, katika sekunde moja umesafiri karibu mita 17. Sekunde moja ndiyo muda wa kumwona ng'ombe, kushtuka na kufikisha mkono kwenye breki. Kwa hivyo mita 17 zimeisha na bado hujaanza kusimama. Tena spidi ikiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama breki zikishashika hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Kilomita 30 na kilomita 60 si jambo la kuchelewa dakika chache tu. Asubuhi kukiwa na ule ukungu wa huku kwenye chai, mita 17 ndizo zote unazoziona.

Mzigo nao. Wale Marine waliuawa na mwendo. Huku kwetu mzigo una sehemu yake kubwa. Gunia la majani chai la kupeleka kituoni, mitungi ya maziwa pande mbili, mbao, hata jeneza tumeliona. Uzito ukikaa nyuma, mbele kunakuwa kwepesi na usukani unaelea. Kijana aliyejifunza peke yake juu ya pikipiki tupu hajawahi kujifunza pikipiki atakayoifanyia kazi. Kwa hivyo afundishwe nayo ikiwa imebeba mzigo. Juu ya abiria sheria iko wazi: abiria ni mmoja, na wote wawili, mwendeshaji na abiria, wavae helmeti na koti la kung'aa. Wale watoto watatu wa nasari waliopangwa kama mahindi kwenye gunzi, wazazi ndio wanaowapanga hapo asubuhi. Msimwachie kijana lawama yote.

Kina mama, tunawasikia mkisema helmeti ya abiria ni chafu, imevaliwa na watu 20 tangu asubuhi. Ni kweli, wala si majivuno. Lakini jibu ni kitambaa: kila mmoja awe na kitambaa chake safi cha kufunga kichwani, kisha helmeti juu. Mwendeshaji naye aifute na kuianika juani. Na ifungwe mkanda kidevuni! Helmeti isiyofungwa hutangulia kuanguka kabla yako. Mtazame pia alama ya KEBS, kwa sababu zile kofia nyepesi za wajenzi zinazouzwa sokoni hazikutengenezwa kwa kuanguka kutoka kwenye pikipiki. Leso inayoning'inia ikusanyeni mapajani, kwa maana cheni haichagui. Pombe hatutaisema sana, mnajua siku ya soko inavyomalizika; yule aliyekunywa asipewe abiria, na wenzake wa steji ndio wanaojua nani amekunywa kabla ya mtu mwingine yeyote.

Leseni ya mwendeshaji wa boda boda inaitwa daraja la A3, nayo hutolewa na NTSA, ile mamlaka ya usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Kijana asiye nayo akigonga mtu, msitegemee kampuni ya bima. Mara nyingi ndipo familia huuza ng'ombe, halafu shamba.

Sasa pesa, kama tulivyoahidi. Mmoja wenu ameuliza kabla hatujaanza: sisi ni maskini, mafunzo yatalipwa na nani? Wacha tuseme kikundi kina watu 20, na kila mmoja anaongeza shilingi 50 kwa wiki juu ya mchango wake. Hiyo ni shilingi 1,000 kwa wiki, na kwa wiki 12 ni shilingi 12,000. Ulizeni bei za helmeti, makoti na mafunzo ya leseni huko Litein na Kericho mlinganishe. Tunaamini mtaona kiasi hicho kinasukuma mambo mbali. Au fanyeni kama kikundi kimoja tulichokitembelea upande wa Bomet: gharama ya helmeti na mafunzo inaingizwa ndani ya mkopo wenyewe, na kijana anailipa kidogo kidogo pamoja na pikipiki. Waliotuambia habari hiyo walisema vijana walinung'unika mwezi wa kwanza tu. Kisha wekeni upande wa pili mguu mmoja uliovunjika: upasuaji, chuma ndani ya mfupa, miezi ya kulala, na malipo ya wiki yamesimama. Nendeni Tenwek mtazame wodi za mifupa, mrudi mtuambie kipi ni ghali.

Mafunzo yanachukua siku, na siku ni pesa; hilo tunalikubali. Lakini askari akiwa mafunzoni hakuna anayesema anapoteza wakati.

Kabla ya kutoka kuna jambo la mahali steji ilipo, maana hata mwendeshaji mzuri anaweza kufa akiwa amesimama. Tarehe 30 Juni mwaka 2023, hapo Londiani katika kaunti yetu hii ya Kericho, lori lilipoteza mwelekeo likaingia katikati ya watu: wachuuzi, abiria wa matatu, na watu wa boda boda waliokuwa wakingoja wateja. Zaidi ya watu 50 walikufa. Wengi wao hawakuwa wakiendesha chochote. Walikuwa pembeni ya barabara, kwenye makutano, mahali ambapo biashara ni nzuri. Kila kokwet itazame steji yake. Je, iko chini ya mteremko? Iko kwenye kona? Lori lililokatika breki likitoka juu litafikia nani kwanza? Kuhamisha steji mita 100 hakuhitaji mfadhili, kunahitaji wazee wakae siku moja na vijana na kukubaliana. Najua wauza mahindi watalalamika, waitwe nao kwenye kikao.

Karatasi ya makubaliano kati ya kikundi na mkopaji iko pale mezani, kwa Kiswahili na kwa Kikipsigis. Kila katibu achukue nakala moja, aisome kwa wanachama, mbadilishe mnavyotaka. Nafasi ya jina la mwendeshaji mzee atakayemwangalia kijana kwa miezi mitatu tumeiacha wazi, na tunaomba isijazwe jina la mtu ambaye hajaulizwa. Wale walio na mtoto jeshini mchukue nakala mbili, moja mumtumie, mumwambie kikundi kinadai aisome kabla ya kuja likizo.

Sasa twende uwanjani mvua haijaanza. Ziko pikipiki mbili, moja tupu na moja ina mitungi ya maziwa iliyojaa maji. Tumechora mistari ardhini. Vijana mtaendesha kwa kilomita 30, mfunge breki kwenye mstari wa kwanza, halafu tupime kwa kamba mlisimama wapi, kwanza kwa breki ya mguu peke yake na kisha kwa zote mbili. Kina mama msiende nyumbani, tunawahitaji kushika kamba, na ninyi ndio mnaokaa kile kiti cha nyuma.